Kwenda Ulaya Kusomea Kutu: Barua kwa Mwanangu Mwanaidi

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba, mama. Ujumbe wako niliusoma, kisha nikamsomea babako, naye akacheka mpaka akakohoa pale ulipoandika kwamba wenzako wa hosteli wanakuita Bi Kutu tangu waione barua yako ya kukubaliwa. Waache wacheke. Mimi walinicheka kabla hujazaliwa, tena si wanafunzi, ni wahadhiri wenzangu, waliokuwa wakiniuliza kama serikali inanilipa kuangalia mabati yakioza. Lakini nyuma ya utani wako nimeona swali: uende kwenye hii shahada ya uzamili ya TRIBOS, ya elimu ya msuguano, uchakavu na ulainishaji, ya vyuo vya Leeds, Ljubljana, Luleå na Coimbra, au ushike ile kazi ya kuunda programu za simu uliyoahidiwa hapo Dar. Hukuuliza waziwazi, umezungukazunguka. Nami nimeona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu utasema "sawa mama" halafu utaanza kuniuliza habari za shangazi.

Habari ya pesa tuimalize upesi. Kazi ya programu itakulipa mapema na itakulipa vizuri zaidi. Mtafiti wa vyuma hapa kwetu anaishi kwa mshahara wa chuo na vibarua vya ushauri ambavyo mwaka huu vipo, mwaka ujao havipo. Nyumba tunayokaa tumeijenga pole pole, na sehemu kubwa ni pesa ya babako ya bandarini. Kama kinachokusumbua ni hicho, jibu unalo, wala sitakununia. Ila ulichoandika mwishoni, kwamba fani hii "ilishamalizwa zamani, kilichobaki ni kupaka grisi na rangi", hapo ndipo nilipotafuta miwani.

Nikupe kisa. Kiwanda kimoja cha sukari, jina lake liache, kilikuwa kinapoteza shafti za vinu vya kukamulia miwa. Shafti ya namna ile ni pande zito la chuma linalozunguka pole pole likiwa limekalia bushi za shaba, na mzigo wake ni mkubwa ajabu. Shingo yake, pale inapokalia bushi, ilikuwa inalika kwa mifereji hadi kipimo kinapotea kabla msimu wa kukamua haujaisha. Nilipofika nilikuta ripoti mbili mezani. Mhandisi wa mitambo ameandika kwamba mafuta ya kulainishia ni hafifu. Mkemia ameandika kwamba juisi ya miwa ina asidi, pH yake (kipimo cha asidi, 7 ikiwa ya maji safi) inazunguka 5, inapenya kwenye bushi na kula chuma. Kila mmoja ameweka picha na majedwali, na kila mmoja ananong'ona kwamba mwenzake ni mbishi.

Niliomba bushi ifunguliwe. Nikapitisha kidole kwenye mafuta yaliyobaki. Yalikuwa mazito, meusi; ukiyasugua katikati ya vidole unasikia mchanga, ule unaokuja na miwa kutoka shambani, na ukielekeza kidole kwenye mwanga unaona vijichembe vya chuma vikimeta. Harufu yake ilikuwa ya utamu uliochacha. Tukakata kipande kwenye shafti iliyokwisha kutupwa, nikakiweka chini ya hadubini. Mifereji ilikuwepo, kama mhandisi alivyosema. Lakini mchanga ukikwaruza peke yake huacha mfereji wenye sakafu safi inayong'aa, na sakafu ya mifereji hii ilikuwa imejaa vishimo vya kutu. Vishimo navyo havikuwa na zile kingo kali ambazo mkemia angezitegemea; zilikuwa zimesuguliwa zikalala. Mchanga ulikuwa unaifungulia juisi njia, juisi inalegeza chuma, na mchanga unapita tena palepale palipolegea. Ripoti zote mbili zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa na dawa. Kilichosaidia kilikuwa sili mpya kwenye mdomo wa bushi ili juisi isiingie, na miwa kuoshwa mchanga kabla ya kufika kinuni. Mafuta yalibadilishwa baadaye, tena hasa kwa kumridhisha mhandisi.

Ukitaka kuelewa kwa nini haya mawili yakikutana hayajumliki kama hesabu za darasa la pili, anza na chuma cha pua. Hakishiki kutu kwa sababu kina kromiamu, angalau asilimia 10.5, na kromiamu ile ikikutana na hewa au maji hutengeneza utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, yaani sehemu chache za bilioni ya mita. Kinga yote ni hiyo. Utando ukikwaruzwa hujirudia wenyewe, chapuchapu, kabla hujapepesa jicho. Sasa weka kitu kinachosugua hapo hapo bila kukoma. Inakuwa kama kidonda kinachobanduliwa kigaga kila kinapoanza kukauka: kila mpito unaacha chuma kitupu, chuma kitupu kinajitoa kwenye maji huku kikijenga utando mpya, utando mpya nao unang'olewa. Na ile oksidi iliyong'olewa ni ngumu kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inabaki pale katikati ikifanya kazi ya msasa.

Haya si ya kusadiki tu, yanaonekana. Kwenye maabara tunatumbukiza kipande cha chuma cha pua kwenye maji yenye chumvi asilimia 3.5, tunakiunganisha na mita ya volti pamoja na elektrodi rejea, ile isiyobadilika tunayolinganishia, halafu tunakishushia kigololi cha seramiki. Kigololi kikitulia, mstari kwenye skrini umelala. Washa mota, kigololi kianze kwenda na kurudi, mstari unaporomoka papo hapo, mara nyingi kwa mamia ya milivolti. Zima mota, unaanza kupanda wenyewe taratibu kurudi ulikokuwa. Mara ya kwanza nilipouona ukidondoka ilikuwa usiku, hapakuwa na mtu mwingine jengoni, nikamwita mlinzi wa zamu aje aone. Alitazama nikiwasha na kuzima, akasema, "Kumbe kinasikia." Sijapata mwanafunzi aliyeeleza vizuri kuliko yule mzee.

Kuna utaratibu uliokubalika wa kupima jambo hili, unaitwa ASTM G119. Unapima chuma kinavyopungua kwa msuguano peke yake, huku umekikinga kwa umeme kisishike kutu. Unapima kutu peke yake, bila kusugua. Kisha unaviachia vyote viwili kwa pamoja. Ukijumlisha viwili vya kwanza hupati kile cha tatu, na kinachozidi ndicho ulichokuwa unakitafuta. Mara nyingine ziada hiyo ni kubwa kuliko sehemu zote mbili. Mimi, mwanangu, kazi yangu yote imekuwa ndani ya hiyo ziada. Mhandisi haihesabu kwa sababu si yake, mkemia vivyo hivyo, na kiwanda kinaagiza shafti nyingine kutoka nje.

Hizi koo mbili, ya watu wa msuguano na ya watu wa kutu, ziliishi mbalimbali muda mrefu, kila moja na jarida lake: Wear lilianza 1957, Corrosion Science 1961. Mwaka 1966 kamati iliyoongozwa na Peter Jost iliipelekea serikali ya Uingereza ripoti iliyosema nchi ingeokoa pauni milioni 515 kila mwaka kama viwanda vingetumia tu elimu ya msuguano na ulainishaji, na baada ya hapo vikaanzishwa vituo vya utafiti, cha Leeds kikiwamo. Mwaka 2016 NACE, shirika la wataalamu wa kutu la Marekani, likakadiria gharama ya kutu duniani kuwa dola trilioni 2.5 kwa mwaka, sawa na asilimia 3.4 ya pato la dunia. Mwaka uliofuata watafiti Kenneth Holmberg na Ali Erdemir wakaandika kwamba karibu asilimia 23 ya nishati yote inayotumika duniani inakwenda kwenye sehemu zinazosuguana: 20 kushinda msuguano wenyewe, na 3 kutengeneza upya vilivyochakaa. Namba kubwa namna hii mimi huzipokea kwa tahadhari, maana zimejengwa kwa makadirio juu ya makadirio. Nakutajia kwa sababu utazitumia kwenye ukurasa wa kwanza wa kila ombi la fedha utakaloandika. Mwenye fedha hana hamu ya kusoma habari za shingo ya shafti.

Sasa hilo la "ilishamalizwa zamani". Kamwulize Humphry Davy, mkemia wa Uingereza. Enzi zake meli za kivita za Uingereza zilikuwa zikifunikwa matumbo kwa shaba, ili wadudu wa bahari wasitoboe mbao na magugu yasiote. Bahari ikawa inaila shaba. Mwaka 1824 Davy akagundua kwamba ukibandika vipande vya zinki au chuma kwenye ile shaba, vitalika vyenyewe na shaba itasalimika. Akajaribu kwenye meli halisi, mojawapo ikiitwa Samarang, na kweli shaba ikapona. Ila kumbe ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sumu ya magugu na makome. Ilipoacha kuyeyuka, vikaota tumbo zima, meli zikawa nzito kwenda, na jeshi la majini likavibandua vipande vya Davy. Alizuia kutu akaongeza mkokoto wa maji. Mtu mwenye akili kuliko wengi wa zama zake, na bado upande wa pili wa jambo ukampitia kando.

Wazo lake lakini halikufa. Boti ngapi hapo bandarini umeona zimefungwa vibonge vya zinki karibu na pangaboi? Ni Davy huyo. Na mabomba ya chuma yanayozikwa ardhini yanalindwa kwa msingi huohuo, siku hizi kwa umeme. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima lina urefu wa kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, upande wa pili wa ghuba kutoka hapa ninapokaa kukuandikia. Mafuta ya Uganda yana nta, lazima yapashwe moto njia nzima ndipo yatiririke. Chuma cha moto, ardhi yenye unyevu, pampu zinazosukuma mchana na usiku. Ukiniambia hapo hakuna kazi ya mtu wa kutu na uchakavu nitakuuliza nani atakayeitwa, na atatoka wapi.

Kuna kisa kingine nawasimulia wanafunzi kila mwaka, na wewe nadhani sijawahi kukusimulia. Daktari John Charnley, wa hospitali ya Wrightington huko Uingereza, ndiye aliyeifanya nyonga ya bandia iwe kitu cha kutegemewa. Alianza kwa kutafuta kinachoteleza kuliko vyote, akachagua plastiki ya Teflon. Wagonjwa waliamka wanatembea bila maumivu, kila mtu akafurahi. Baada ya miaka michache Teflon ikawa imelika vibaya, vumbi lake likaamsha uvimbe ndani ya mwili na nyonga zikalegea. Wagonjwa karibu 300 walikuwa wamewekewa. Charnley alijipandikizia vipande vya plastiki kwenye paja lake mwenyewe ili ajue mwili unavipokeaje. Mwaka 1962 akaja muuzaji na plastiki nyingine, polithini ngumu ambayo viwanda vya nguo vilikuwa vikitengenezea gia za mashine. Charnley hakuitamani. Fundi wake wa maabara, Harry Craven, akaifunga kwenye mashine ya kupimia na kuiacha izunguke. Baada ya wiki tatu ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Hadi leo polithini ya jamii hiyo imo katika nyonga za watu dunia nzima.

Angalia vizuri hapo. Kinachoteleza zaidi si lazima ndicho kinacholika kidogo. Msuguano na uchakavu ni vitu viwili, na watu wenye shahada wanavichanganya kila siku. Angalia pia nani aliyewasha mashine. Na hadithi haikuishia kwenye plastiki: baadaye zikaja nyonga za chuma juu ya chuma, za kobalti na kromiamu, na kwa kuwa majimaji ya mwili yana chumvi, yakatokea yaleyale ya kigololi changu, utando unang'olewa na kujengwa, na madini yanaingia kwenye damu. Mwaka 2010 aina moja iliondolewa sokoni dunia nzima.

Aliyeifuatilia habari hiyo kwa makini ni Anne Neville, Mskoti, aliyekuwa profesa pale Leeds utakapopita wewe. Udaktari wake wa Glasgow aliumaliza 1995 akichunguza kutu kwenye maji ya bahari, akafundisha Heriot-Watt, kisha akahamia Leeds 2003. Hakukaa kwenye ukoo mmoja. Leo mabomba ya mafuta, kesho ulainishaji wa injini, keshokutwa nyonga na zana za upasuaji, na swali lake ni lilelile, nini kinatokea pale nyuso mbili zinapogusana na majimaji yapo. Mwaka 2016 Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, ilimtunuku Medali ya Leverhulme kwa kuonyesha jinsi msuguano na kutu vinavyochocheana, naye akawa mwanamke wa kwanza kuipata. Alifariki 2022 akiwa na miaka 52. Makala zake nilikuwa nikizisoma kabla sijapata mashine ya kurudia majaribio yake. Nilikuwa nachora vifaa vyake kwenye daftari na kumpelekea mjomba wako Salehe anikerezee vya kufanana. Vingine vilivuja. Vingine vinafanya kazi mpaka leo.

Lakini nikiulizwa kazi ipi naionea wivu kuliko zote, sitakwenda Leeds. Nitavuka mpaka hapo Horohoro niingie Kwale, Kenya. Miaka ya 1980 UNDP na Benki ya Dunia walikuwa wakijaribu pampu za mkono katika nchi nyingi, na Kwale ilikuwa mojawapo ya sehemu ambako pampu ya Afridev ilikomaa. Pampu za zamani zilitumia bomba la chuma lililopakwa zinki. Maji ya kisima yakiwa na asidi kidogo, pH chini ya 6.5, zinki haifui dafu. Bomba linaoza, fimbo ya ndani inakatika, na hata kabla ya hapo maji yanatoka na rangi ya kutu, yanachafua nguo nyeupe na kuharibu chai, basi akina mama wanarudi kwenye kisima cha wazi wakati pampu bado ni nzima. Tena beringi zikilika, inatakiwa gari na fundi kutoka mbali. Afridev ikaja na bomba la plastiki, na bushi za plastiki ambazo zimekusudiwa zilike. Nasisitiza, zimekusudiwa. Bushi inachakaa, unaitoa kwa mkono, unapachika nyingine. Unafungua kwa spana moja, na pistoni unaivuta juu bila kung'oa bomba. Wanawake wa vijijini walifundishwa wakaitunza wenyewe. Wenzangu wengi hawauhesabu huo kuwa utafiti wa msuguano kwa sababu hauna milinganyo ya kutisha. Mtu alikaa akaamua ni kipande gani kife, kifie wapi, na nani atakayekibadilisha, na kutu akaikwepa kabisa badala ya kupigana nayo. Mimi sijafanya kitu kizuri namna hiyo.

Basi hayo ndiyo majibu yangu, na uamuzi ni wako. Ukienda, ombi langu usijifungie kwenye kompyuta ya kuigiza msuguano mpaka uwe umeshika vilivyolika. Kabla ya safari kaa wiki chache kwa mjomba Salehe. Wanamletea shafti za mashine za kusaga na bushi za boti, na kila moja inakuja na mwenyewe anayejua ilianza kulia lini, kwa sauti gani, na nani aliyeiwekea mafuta ya kupikia siku grisi ilipokosekana. Haya hayamo kwenye jarida lolote. Ukisikia harufu ya siki kwenye mafuta, ukiona unga mwekundu umejikusanya pembeni mwa boliti ambayo watu wanaapa haitikisiki, uandike, upige picha, uniletee.

Babako anauliza kama huko Luleå, Uswidi, bahari inaganda kweli. Inaganda, na watu wanapitisha magari juu yake. Halafu maji yake yana chumvi kidogo mno, gramu 2 hadi 4 kwa kilo, wakati ya kwetu yana 35. Ndiyo maana nimeshamwambia mjomba akate vipande kutoka pau moja ya chuma, nusu ubebe ukavizamishe kule, nusu nizamishe mimi hapa gatini. Lazima tuvipime vyote kwenye mizani yangu kabla hujaondoka, hadi tarakimu ya nne baada ya nukta, na tuvichonge namba, maana wino utatoka. Hata kama utabaki Dar njoo tuvipime, nitatafuta mwingine wa kuvipeleka. Ukija mwisho wa mwezi pitia Kariakoo uninunulie msasa wa maji namba 600 na 1200, hapa Tanga wameishiwa.

Mama yako